Geraldine Staszak, Fundi Aliyeyapa Magari Kimo Chao

Ijumaa, tarehe 30 Mei, Geraldine Staszak anafunga sanduku lake la spana baada ya miaka thelathini na sita katika gereji ya Dierkes, hapa Toledo. Sisi tunamwita Gerri, na wateja wengi hawajui kama ana jina jingine.

Alipoajiriwa mwaka 1989, Walt Dierkes, mwenye gereji wakati huo, alimpa kazi ya kubadilisha oili. Wiki ya pili Gerri akaomba ahamishiwe kazi ya mbele ya gari: magurudumu, mikono ya chuma inayoyashikilia, usukani.

“Kule ni matope na kutu tu,” Walt akamwonya.

“Ndiyo maana nafasi ipo,” Gerri akajibu, akavuta jeki.

Hakuchukua muda kupata jina. Watu walianza kumletea yale magari ya ujana wa baba zetu, yenye injini kubwa na kelele za kuamsha mtaa. Mengi aliyoletewa hayana springi za kawaida mbele. Uzito hubebwa na fimbo mbili ndefu za chuma zinazojisokota, kila upande na bolti yake. Ukikaza bolti, pua ya gari inapanda, ukilegeza, inashuka. Kwa maneno ni kazi ya kumaliza kabla kahawa haijapoa. Kwa Gerri ilikula asubuhi nzima. Kila akigusa bolti alilishusha gari, akalibonyeza bampa likachezacheza, akalisukuma mbele na nyuma ili matairi yakae sawa, ndipo akapima pande zote mbili. Akianza upya kwa sababu ya tofauti ndogo kuliko unene wa kucha, hakuna aliyethubutu kuguna. Na kimo kikishakaa, alinyoosha magurudumu upya, kwa kuwa kimo kikibadilika na magurudumu huinama.

Zaidi ya hayo, alimtaka mwenye gari akae kwenye kiti chake wakati wa kupima, ili uzito wake nao uhesabiwe. Mteja wetu Dutch Vogel, mtu wa kilo nyingi na mwepesi wa kusinzia, alilala humo akakoroma. Alipoamka alitaka kujua tunaanza lini, na gari lilikuwa tayari.

Lakini ukiniuliza mimi, niliyefanya kazi upande wa injini hatua chache kutoka kwake, Gerri ni nani, nitakueleza habari ya Lyle na Odette Brannigan.

Lyle alikuwa na gari, Plymouth ya mwaka 1970 aliyoishusha pua kwa mikono yake akiwa kijana. Kisha akapata kiharusi, upande mmoja ukalegea. Odette, ambaye hakuwahi kuliendesha gari hilo, akajifunza ili ampeleke mumewe ziwani Jumapili. Ila kwa jinsi gari lilivyokuwa chini, kila shimo la barabarani lilimtoa Lyle machozi, na mtoto wao alikuwa ameshapata mnunuzi. Odette alikuja kuomba pua iinuliwe. Lyle alikuja kukataa.

“Mkiliinua litafanana na mbwa anayeomba mfupa,” alisema. “Afadhali liuzwe.”

Gerri hakubishana naye. Aliingia kiti cha nyuma, akamwomba Odette awavushe reli iliyo karibu na gereji. Mbele ya gari ikashuka, mkono wa chuma wa gurudumu ukagonga raba inayouzuia kwa kishindo, na Lyle akajikunja akiushika mkono wake mbovu. Odette akasimamisha gari pembeni.

“Siwezi kukuumiza hivi kila Jumapili, Lyle. Siwezi.”

Gerri anasema hakuwahi kutamani kushuka kwenye gari kama siku ile.

“Staszak,” Lyle akasema mwishowe, “unataka kuliinua vidole vingapi?”

“Viwili.”

“Kimoja.”

“Viwili, Bwana Brannigan. Kimoja ni cha gari, cha pili ni cha mgongo wako.”

“Basi viwili. Lakini ukiniambia linapendeza, nitajua unanidanganya.”

Mchana ule Gerri alipima huku wote wawili wamekaa ndani, Odette kwenye usukani na Lyle amenuna pembeni. Walipotoka, sisi tulisimama mlangoni. Gari lilifika relini, likainuka, likatulia. Kisha tukaliona linageuka, likavuka tena, halafu tena, na kupitia dirishani tukamwona Lyle anacheka. Jioni hiyo mnunuzi alipigiwa simu, akaambiwa haliuzwi. Walikwenda ziwani kila kiangazi mpaka Lyle alipofariki, na Odette bado analiendesha, likiwa kwenye kimo kile kile.

Sasa Gerri anakwenda nyumbani kulishughulikia gari lake mwenyewe, Dodge iliyolala chini ya turubai tangu watoto wake wakiwa shule, upande mmoja wa mbele ukiwa umeinama kuliko mwingine. Tumemweleza kwamba hatuna fundi wa kumwamini nalo. Itabidi alitengeneze mwenyewe, na safari hii ni zamu yake kukaa kwenye kiti wakati sisi tunapima.

Gerri, asante kwa kila gari lililotoka hapa likiwa limesimama sawasawa, na kwa waliokuwa ndani yake. Afya njema, barabara laini, na Jumapili nyingi za ziwani.