Hyacinthe, Chevrolet Kuukuu na Kiatu Chekundu

Mzee Hyacinthe anastaafu tarehe 31 Desemba 1968, baada ya kuwa dereva wa kampuni yetu ya pamba hapa Uvira kwa miaka thelathini. Sehemu kubwa ya miaka hiyo ameitumia ndani ya Chevrolet moja kuukuu. Iliyobaki ameitumia kulidharau gari la mkurugenzi.

Chevrolet hiyo Wabelgiji waliiacha walipoondoka wakati wa uhuru. Walibeba mafriji, mapazia, hata mbwa, lakini gari hilo hawakulitaka. Mkurugenzi mpya, Bwana Gratien, naye hakuitaka. Aliagiza gari jekundu la mbio, milango miwili, tumbo karibu liguse ardhi. Lilisifiwa kwa kasi ambayo barabara ya kwenda Kiringye haijawahi kuiruhusu. Hyacinthe alikataa kuliita gari. Aliliita kiatu.

Mvua ya kwanza tu, kiatu kilikwama kwenye tope kijijini Mutarule kikiwa na mkurugenzi na mgeni wake, wote ndani ya suti. Wakulima walisukuma huku wakicheka waziwazi. Hyacinthe alikuwa akipita na Chevrolet, amebeba mbegu za pamba. Alipunguza mwendo ili aone vizuri, kisha akaenda zake. Alipewa onyo kwa kutosimama. Anasema halijamuuma hadi leo.

Mwaka 1964 waasi walipoingia mjini, walilichukua lile jekundu mara moja. Walijipakia hadi juu ya boneti, na kabla ya kufika Sange likapasuka tumbo kwenye jiwe. Chevrolet, mmoja wao aliipiga teke, wakaiacha. Ni mara pekee Hyacinthe alifurahia dharau ya mtu mwingine.

Siku chache baadaye uchungu ulimshika Sabine, mke wa mkurugenzi, na mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Madaktari wa mjini walikuwa wamekimbia. Waliosalia ni wauguzi wa misioni kule Lemera, milimani. Bwana Gratien alikwenda kwa miguu hadi nyumbani kwa dereva wake kumwomba. Hyacinthe alitandika magunia kwenye kiti cha nyuma, akamlaza mama, akaondoka polepole akikwepa kila shimo, huku mkurugenzi akimhimiza aongeze mwendo. Walipoanza kupanda mlima, akasimamisha gari.

“Bwana, weye uko na haraka? Shuka, kimbia mbele,” alimwambia. “Minye niko nabeba mama.”

Bwana Gratien akamshika mkewe mkono, na gari likaondoka tena polepole. Sabine alijifungua salama Lemera, mtoto wa kike, Florentine, ambaye siku hizi huja ofisini akidai kupakiwa kwenye Chevrolet.

Mtu angedhani somo limeingia. Vita vilipopoa, mkurugenzi akaagiza gari jingine, jeupe, lenye kasi zaidi. Limeshakwama mara nyingi kuliko inavyofaa kuandikwa humu. Hata hivyo, kwa moyo safi, amejitolea kumpeleka Hyacinthe kwao Kiringye ndani ya gari hilo, kwa heshima. Mzee alimshukuru, akasema angependa kufika.

Asante, Baba Hyacinthe, kwa kila mtu uliyemfikisha akiwa mzima. Tunakuombea afya, mavuno mazuri na uzee mtulivu. Tutakuja kukuona, kwa miguu ikibidi.