Kesi ya Gari Linalovuta Kushoto

Benchi letu liko kwenye kona, mbele ya kinyozi, na kanuni yake ni moja: mtu haendi kwa fundi kabla kesi yake haijasikilizwa hapa. Jino la Jenerali, mlinzi wa duka la dawa, lilisikilizwa hapa mpaka shavu likamfunika jicho. Friji ya kinyozi ilisikilizwa mpaka nyama ikanuka mtaa mzima. Kuponya hatujawahi kuponya kitu, lakini kusikiliza tunasikiliza. Leo asubuhi ikawa zamu ya gari langu. Ukikanyaga breki, linavuta kushoto kama mbuzi aliyeona majani. Na mchana huu huu lazima nimpeleke mama mkwe akapasuliwe jicho, hospitali iliyo chini kabisa ya mteremko mrefu. Nafasi hiyo ameingojea mwaka mzima. Mtu mwenye akili timamu angekuwa gereji tangu alfajiri. Mimi niliagiza kahawa.

— Haya, Mwenye Gari, jieleze, alianza kinyozi. Tunamwita Mtaalamu kwa sababu anajua kila kitu isipokuwa kunyoa.

— Nikiendesha inakwenda moja kwa moja, haina neno. Nikigusa breki tu, usukani unanitoka mkononi, pua hiyoo, kushoto.

— Umepima upepo wa matairi? aliuliza Sentimita, fundi cherehani.

— Nimepima. Uko sawa pande zote.

— Basi ni breki zenyewe. Ya upande mmoja inashika, ya upande wa pili imelala. Fungua tairi uone.

Sentimita ana kasoro hiyo, husema la maana mapema. Kijiweni ukisema la maana kabla kikombe cha kwanza hakijaisha, unawaharibia watu kahawa.

— Wewe acha uvivu wa kufikiri, Mtaalamu alimkata. Kufungua tairi mtu yeyote anaweza.

— Jeki unayo? Jenerali akaniuliza.

— Ninayo.

— Iache huko huko iliko. Tusikimbilie vyuma.

Tukacheka sana. Mimi mwenye gari ndiye niliyecheka kuliko wote.

— Sikilizeni, Jenerali akaendelea. Barabara zote zimelalia pembeni kidogo ili maji ya mvua yapate kutoka. Gari hii inafuata maji.

— Maji gani, na mvua hatujaiona tangu lini sijui? aliuliza Sentimita.

— Sasa gari itajuaje kama ni kiangazi?

Hilo hatukuwa na la kulijibu, kwa hiyo tukalihesabu kuwa hoja. Lakini Mtaalamu hawezi kuvumilia hoja ya mwenzake ikae juu ya benchi peke yake.

— Kabla yako gari ilikuwa ya nani?

— Ya mwalimu mmoja.

— Na nyumba yake, ukitoka barabara kuu, iko upande gani?

Nikafikiri.

— Kushoto.

Mtaalamu akaweka kikombe chini polepole, akatutazama mmoja mmoja.

— Mmesikia wenyewe. Kila jioni, miaka yote hiyo: breki, kushoto, nyumbani. Leo huyu bwana akikanyaga breki, gari inajua imefika.

— Jamani, gari haina kumbukumbu! Sentimita alimaka.

— Na viatu je? Ukimwazima mtu viatu vyako, si vinarudi vimepindia kwenye mwendo wake?

Sentimita alivitazama viatu vyake, akashindwa. Mimi nililionea gari huruma kabisa. Kumbe kila siku lilikuwa likitaka kwenda kwao, nami nalivutia kwangu.

— Ninyi mnatafuta sababu, mimi natafuta dawa, akasema Jenerali. Inavuta kushoto? Iwekewe uzito kulia.

Uzito tunao. Jenerali akiinuka, upande wa pili wa benchi hugonga chini. Tulimkalisha kiti cha nyuma, kulia, na Sentimita, aliyekwishakata tamaa na sisi, akaleta pasi yake ya mkaa tukampakatisha Jenerali. Nikaanzia kwenye nguzo ya umeme, nikaja kwa mwendo wa mtu mwenye imani, nikakanyaga breki.

Gari likaruka kushoto likapanda ukingo. Muuza kahawa alikimbia na birika lake, benchi likabaki tupu, na pua ya gari ikasimama ikitazamana na kioo cha kinyozi. Ndani, mteja aliyenyolewa nusu ya kichwa alikuwa amepanda juu ya kiti.

— Imepungua! alisema Mtaalamu kutoka nyuma ya mlango.

— Imepungua sana, alisema Jenerali, akishuka upesi na pasi mkononi.

— Mteremkoni wewe shika usukani kulia kidogo kabla ya breki, Mtaalamu aliniagiza. Salama kabisa.

— Kabisa? nikauliza.

— Mia kwa mia.

Hata Sentimita aliguna kitu kinachofanana na ndiyo. Nami nikaamini. Ndiyo kasoro yangu, nikisikia watu watatu wamekubaliana, nadhani wameujua ukweli.

Nyumba yangu iko ng'ambo ya barabara. Mama mkwe akatoka, akavuka, mkoba begani, kitambaa kimefunika jicho linaloumwa. Sote tukasimama.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Mmemaliza?

— Tumemaliza, mama, Mtaalamu alimjibu. Gari iko salama, usiwe na wasiwasi.

— Nawashukuru. Akaligeuzia gari jicho lake zima. Gurudumu moja lilikuwa bado juu ya ukingo. — Naona kuna nafasi. Nani kati yenu anashuka na mimi mteremko?

Mtaalamu akamkumbuka mteja wake. Jenerali alilikazia macho duka la dawa kana kwamba linaibwa. Sentimita akachukua pasi yake, akaikumbatia, akaanza kurudi nayo dukani kwake.

— Mimi nipo, mama, nikasema.

— Wewe ni dereva, mkwe wangu. Nimeuliza abiria.

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nilikuwa nalipeleka jicho la mama wa mke wangu mahali ambapo rafiki zangu hawakutaka kupeleka hata pasi.

Hakunigombeza. Alipunga mkono, teksi ikasimama, akaingia taratibu huku akishika mlango. Nilibaki pale na funguo zangu, sijui nimtakie safari njema au niombe radhi. Kisha akasogea ndani, akaacha nafasi pembeni yake.

— Ingia, mkwe. Gari iache hapo hapo, mwanangu bado hajakuchoka.