Mama Julienne Nabintu na Shule Iliyojificha

Dada yetu Julienne Nabintu alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 huko Kabare, Kivu ya Kusini, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Cirhuza na Mama Élisabeth. Mama anasema alikuwa mtoto wa kuogopa: aliogopa radi, aliogopa mbwa, aliogopa hata jogoo wa jirani. Alibaki mwoga hadi mwisho. Familia imeomba jambo hili lisemwe wazi, kwa sababu bila kulijua hamtaelewa alichokifanya.

Alisoma kwa masista wa Kabare, kisha Bukavu, alikopata diploma ya ualimu mwaka 1988. Alifundisha darasa la kwanza kwa miaka kumi. Tarehe 7 Agosti 1993 alifunga ndoa na mwalimu mwenzake, Anatole Mushagalusa, wakajaliwa Peguy na Carmel. Vita viliwatoa Bukavu mwaka 1998. Walipita Kigoma, Lusaka na Maputo, wakafika Durban, hapa Afrika Kusini, Februari 2003. Anatole alilinda magari ya watu, Julienne akasuka nywele katika saluni ya mtaa wa Albert Park.

Mei 2008, wageni waliposhambuliwa katika miji ya nchi hii, wazazi wengi wa Albert Park waliogopa kuwatuma watoto shule za mbali. Wengine watoto wao walikuwa wamekwisha kurudishwa mlangoni na shule, kwa kuwa karatasi za ukimbizi zilikuwa zimepitwa na muda. Januari 2009 Julienne alianza kufundisha watoto wachache sebuleni kwake. Baada ya miaka miwili walikuwa zaidi ya hamsini, katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa, Umbilo Road.

Sheria haikatazi shule ya binafsi, ila inataka isajiliwe na idara ya elimu ya jimbo. Anayeiendesha bila usajili anaweza kutozwa faini au kufungwa. Julienne aliijua sheria hiyo, na ilimnyima usingizi. Akaweka utaratibu: gari la serikali likisimama nje, madaftari yaingie chini ya mabenchi, watoto wote wasimame na kuimba. Mtu akiuliza, hapa ni kwaya.

Mwaka 2012 rafiki yake Kwamboka, mhadhiri kutoka Kenya, alimsihi aombe usajili. "Ukishasajiliwa, Mama Julienne, hakuna wa kukufukuza. Hata ruzuku ya serikali unaweza kuomba." Akaomba. Septemba afisa wa elimu alikuja bila taarifa. Mwalimu Constance, aliyefundisha naye, aliona gari dirishani, akapiga makofi mara moja. Mabenchi yakasukumwa, wimbo ukaanza. Afisa, mama mmoja Mzulu mwenye upole, aliingia akauliza shule iko wapi. Julienne alikuwa amesimama mbele ya ubao uliojaa hesabu za kugawanya, mikono ameitanua ili kuzificha.

"Ni kwaya, Mama," alisema.

Afisa alisikiliza nyimbo mbili, akasifu sauti za watoto, akaondoka. Ombi lilikataliwa: mahali hapo hapakuonekana shule.

"Eish, Mama Julienne!" Kwamboka alicheka mpaka akakaa chini. "Umemficha shule mtu aliyekuja kuitafuta?"

"Miliogopa," Julienne akamjibu. "Kinywa kilijisemea."

Aliomba tena. Machi 2014 afisa yule yule alirudi, na watoto wakainuka kuimba kwa mazoea. "Mukae! Mufungue vitabu!" Julienne aliwaambia, huku ameishika meza kwa mikono miwili asianguke. Shule ilipata usajili wa muda, kwa masharti: mlango wa dharura, vyoo zaidi, na kibao chenye jina la shule, kinachosomeka kutoka barabarani. Ukaguzi wa mwisho ungekuwa Juni 2015.

Kibao kilitundikwa. Aprili mwaka huu wageni walishambuliwa tena, safari hii hapa hapa Durban. Maduka yalivunjwa, familia zikalala kwenye mahema.

"Julienne, toa kile kibao," Anatole alimwambia. "Kinabaonyesha babaya mahali batoto beko."

"Na mukaguzi akikuya?"

"Mukaguzi hatatuchoma moto."

Julienne alikishusha kwa mikono yake, akakilaza nyuma ya mlango, maandishi yakitazama ukuta. Watoto walirudi darasani baada ya wiki mbili. Kibao hakikurudi. Kila asubuhi alikitazama, akasema kesho.

Kwa miaka mingi alikuwa na shinikizo la damu. Alhamisi tarehe 21 Mei alipatwa na kiharusi akiwa darasani, akalazwa. Ulimi ulikuwa mzito, lakini Constance alipomtembelea alisikia neno moja: "Kibao?" Julienne alifariki asubuhi ya Ijumaa tarehe 5 Juni 2015.

Jumapili iliyofuata wazazi walikutana ukumbini. Kila mmoja alijua kwamba bila kibao usajili utapotea na watoto watabaki mitaani. Na kwamba kibao kikiwapo, hata anayetuchukia atakisoma. Wengine walitaka shule ifungwe. Glody, mzazi wa watoto wawili, aliuliza, "Bakikuya na moto, nani atasimama pale inje?" Anatole alichukua nyundo akatoka. Kibao kiko ukutani tangu siku ile, na wazazi wanapokezana kusimama chini yake, Glody akiwa wa kwanza.

Ukaguzi ni Jumatano ijayo.

Marehemu ameacha mume, Anatole; watoto, Peguy na Carmel; mama mzazi, Élisabeth, aliyeko Kabare; mdogo wake, Pacifique, anayewasomea haya; Mwalimu Constance; na wanafunzi sitini na watatu, ambao Jumatatu saa moja na nusu watakuwa darasani.

Dada Julienne, pumzika bila hofu. Hofu tuachie sisi.