Mawe Aliyoyatoa Kajuju

Ingieni wote, wanangu, na huo mlango mfunge, baridi ya Mweiga hainihurumii tena. Gatimu, kaa upande wa dirisha nikuone uso, kwa sababu leo namchanganya kila mtu na mwingine. Asubuhi nimemwita Wachuka kwa jina la marehemu mama yake, naye akaitika, na mpaka sasa sijui kama aliitika kwa huruma au na yeye kichwa kimemruka. Kajuju yuko wapi? Ati anakamua? Ng'ombe angoje, mwiteni. Nataka mke wa Gatimu akae hapa kama mtoto wangu mwingine yeyote, na ndiyo maana nasema Kiswahili badala ya Gikuyu yetu, ili yeye aliyetoka kwao Meru asikie kila neno kwa sikio lake mwenyewe, asije kesho akaletewa maneno yaliyopikwa jikoni.

Sikilizeni basi. Shamba halina maneno. Upande wa juu wenye viazi ni wa Gatimu, upande wa chini wenye nyasi ni wa Wachuka, na atakayeuliza mbona binti anapewa shamba aje aniulize mimi pale nitakapokuwa nimelala. Hayo nimeyasema mbele ya wazee wa kanisa, yamekwisha. Jambo ambalo sijalisema, na ambalo linanizunguka kichwani tangu juzi, ni kazi yangu ya kutembeza wageni kwenye makaburi: nani ataishika, na kesho Mama Ilse, yule mgeni wangu wa Kiyahudi, akifika tutamwambia nini.

Mnajua nimewala wageni hao, na nyinyi mmesoma kwa hao hao, kwa hivyo msikunje nyuso. Watu wengine wanapeleka wageni kuona ndovu, mimi nimewapeleka kuona watu waliofia mbali na kwao. Naanzia kwa askari wa vita vya mfalme, naenda Mathari kwenye kanisa la Waitaliano ambako mifupa ya wanajeshi wao iko ndani ya kuta, na mwisho namalizia kwa kile kiwanja kidogo cha Wayahudi ambacho wenyewe waliniachia ufunguo, kwa sababu wao walihama na makaburi hayahami. Nimesimulia habari hizo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na leo niwaambie ukweli, sijawahi kuzielewa. Nimekuwa nikizijua tu, na kujua si kuelewa.

Hebu fikirini nanyi mnisaidie. Wayahudi wale walimkimbia Hitler kule Ujerumani, wakaja na meli, wakapanda gari-moshi, wakafika huku kwetu kwenye baridi hii, wakapewa kazi ya kuangalia ng'ombe wa wazungu wengine. Vita vikaanza. Serikali ya Mwingereza ikasema, nyinyi ni Wajerumani, nyinyi ni adui, na ikawakusanya wanaume ikawafungia. Baba yake Ilse alichukuliwa akiwa na ndoo ya maziwa mkononi, na mkewe akabaki na Ilse mdogo na mtoto mchanga, Emil, ambaye alishikwa na kifua akafa kabla baba yake hajaachiliwa. Mtu amemkimbia simba, anafungwa kwa kosa la kuwa simba! Na wakati huo huo babu yenu alipewa bunduki akaenda Burma kumpigania mfalme huyo huyo, akarudi na koti moja na kikohozi, halafu wakati wa Emajensi, siku za Mau Mau, Mwingereza huyo huyo akamfunga, naye hakurudi. Sasa nani alikuwa adui wa nani? Wageni wakiniuliza nawajibu kwa tarehe. Tarehe ni rahisi, hazigeuki.

Mama Ilse aliniuliza siku moja, tukiwa tumesimama kwa Emil, na wewe, Wamae, baba yako amelala wapi? Nikamwonyesha upande wa mlima kwa mkono, hivi, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuonyesha. Akaokota jiwe chini, akalishika akiniangalia, akakosa mahali pa kuliweka, akalitia kwenye mkoba wake. Akasema atanishikia mpaka nijue. Wachuka, hapo nilikuwa nasema nini? Eh. Mawe. Ndiyo, nilikuwa naenda kwa mawe.

Wayahudi hawaweki maua, hilo mlisikie na mlishike. Maua ni ya kwetu na ya Waitaliano. Myahudi akimtembelea mtu wake anaokota jiwe dogo na kuliweka juu ya kaburi, maana yake nilikuja, sijakusahau, na jiwe linakaa hapo, na akija mwingine anaweka lake kando ya lile. Kwa Emil, Mama Ilse yeye hakuwa anaokota ya hapa. Alikuwa anayaleta kwenye mfuko wa koti: moja la mto wa mji aliozaliwa, moja la kaburi la mama yake huko alikozikwa, na mengine sijui ya wapi na wapi. Mtoto wa watu alikuwa amelala hapo Nyeri peke yake, lakini juu yake amewekewa dunia nzima.

Sasa mimi nikalala kitandani tangu mvua ianze, na habari ikaja kwamba Mama Ilse anakuja, naye ni mzee kuliko mimi, anatembea na mikongojo, na binti yake ameandika kwamba hii ndiyo safari ya mwisho, daktari amekataza nyingine. Kajuju akasikia. Hakumwuliza mtu. Akachukua panga na jembe na brashi ya kufulia, akaenda peke yake, akafyeka, akalima kando ya ua, akakuta vijiwe juu ya kila kaburi, akasema, hawa watoto wa shule hawana adabu hata kidogo, wanawarushia marehemu mawe! Akayakusanya yote kwenye ndoo. Na kwa vile pale langoni kulikuwa na shimo la matope linalokamata magari, akayamwaga humo, akayashindilia na jembe ili gari la mgeni lipite vizuri. Kisha akasugua majina mpaka yakang'aa, akarudi hapa anacheka, akaketi pale pale alipo sasa, akanieleza. Nikakosa kujua kama nicheke ama nilie, nikafanya vyote viwili, na nyinyi mkasema ni homa.

Usiinamishe kichwa, Kajuju. Bado naongea.

Gatimu aliposikia maana ya yale mawe alipiga kelele mpaka majirani wakaja kwenye ua, akasema atakurudisha kwenu. Gatimu, humrudishi mtu popote. Mke si debe la maziwa lililochacha. Halafu wewe mwenyewe ukaenda kuyafukua, ukayaosha, ukayapanga juu ya makaburi, hapa manne, pale manne, yakapendeza, ukamwambia kila mtu anyamaze na Mama Ilse hatajua. Usimkazie dada yako macho, mimi ndiye niliyemwuliza, na Wachuka hajui kunidanganya, amejaribu tangu utoto ameshindwa.

Niliposikia nilisema vizuri, kijana ana akili. Baada ya uji nikasema hapana, hii ni mbaya sana. Halafu nikalala kidogo, nikaamka nikasema, lakini ni mama mzee, anakuja kuaga, mwacheni aage kwa amani, jiwe ni jiwe, litamdhuru nani? Nimekwenda na kurudi hivyo kama mbuzi kwenye kamba, na sijui mnanionaje, lakini sijachanganyikiwa kwa ugonjwa peke yake, jambo lenyewe limechanganyika. Tukinyamaza, ataondoka na furaha ya uongo. Tukisema, huenda akaondoka akilia na asipate siku nyingine ya kunyamaza. Mngekuwa mimi mngefanyaje? Msijibu. Mtanichanganya zaidi.

Nikajiuliza hivi: jiwe la mtu mwingine, lililoletwa kwa mtu mwingine, limekaa juu ya Emil, na Mama Ilse anainama kwa shida yake yote, analigusa, anasema hili ni la mama yangu. Na mimi, ama wewe, Gatimu, tumesimama nyuma yake tumenyamaza na kofia mkononi. Hapo ndipo nilipokwama. Siwezi kusimama hapo. Hata nikiwa mfu siwezi kusimama hapo.

Kwa hivyo kesho asubuhi yaondoeni tena. Yote. Yawekeni kwenye karai safi, yakiwa yamekauka, na Mama Ilse akishuka, Kajuju amshike mkono, amwambie kwa mdomo wake, mimi ndiye niliyeyatoa, nilidhani ni uchafu, sikujua. Wachuka amtafsirie na asipunguze kitu. Akiyatambua yake, atayachagua. Asipoyatambua, kaeni naye hapo chini mpaka atakapotaka kuinuka. Akikasirika, akasirike, kaburi ni la ndugu yake, si letu. Na akiuliza habari za lile jiwe aliloniwekea, mwambieni bado sijui.

Nipeni maji. Kidogo tu. Hapo inatosha.

Sasa ufunguo. Gatimu, umeendesha gari la wageni miaka yote hiyo na hujawahi kuingia ndani ya lango lile. Unakaa garini, nikikuuliza unasema unatafuta mtandao wa simu. Mtandao! Sikulaumu, mama yangu alikuwa akitupitisha njia ndefu tusione hata kichaka alichofia mtu, na woga huo wa wafu tumeunyonya. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kiyahudi ambaye naye alikataa kuingia, akasimama nje ya ua akamlilia shangazi yake kwa mbali, nikadhani anaogopa kama sisi, kumbe ukoo wake ni wa makuhani na hawakanyagi makaburini. Yeye alikuwa na sababu, akanieleza. Wewe huna, una simu tu. Wachuka, wewe unajua kuongea, unaingia mpaka langoni, halafu unaanza kuonyesha kwa kidole. Mwanangu, mtu hajatoka nchi za mbali kuja kuonyeshwa kwa kidole.

Huyu msichana wa Meru aliingia peke yake. Hakuwa na mtu wake mle ndani, hakujua hata ni kabila gani la wazungu, lakini alipiga magoti akaosha majina ya watoto wa wenyewe kama anayeosha wa kwake. Kwa mawe alikosea, alikosea vibaya, na atakosea mengine, kwa sababu ana haraka na haulizi. Kajuju, hiyo tabia uiache, uwe unauliza. Lakini kutokosea nitakufundisha. Nitakufundisha... hapana, muda huo sina. Wachuka atakufundisha. Kuingia ndiko ambako sikuweza kumfundisha mtu yeyote katika nyumba hii. Ufunguo ni wa Kajuju. Gatimu aendeshe, Wachuka aeleze vita na tarehe zake, na lango afungue Kajuju.

Usilie. Ama lia, sijui. Leo sijui mtu anatakiwa kufanya nini.

Mkiwa kazini msiwaharakishe. Jumamosi msimpeleke Myahudi yeyote pale, ni siku yao ya kupumzika, lango likae limefungwa. Bebeni mtungi wa maji, wakitoka wananawa mikono, na nyinyi naweni, hapo hatuna tofauti nao. Mtu akilia, msimpe habari za mwaka elfu moja mia tisa na ngapi. Nyamazeni. Gatimu, lile shimo ukalijaze kokoto ya kununua, leo, kabla ya jioni.

Mimi mnizike kando ya mama yenu, juu ya boma la ng'ombe, na mhubiri apewe muda mfupi. Mama Ilse akitaka kupita kuniona nikiwa bado... nani huyo mlangoni? Hakuna mtu? Nimeona kama mtu amesimama na koti. Basi. Mwacheni asimame.

Njooni sasa, nguvu inaniacha. Wazee wetu hawakubariki kwa karatasi, walitemea mate viganjani, na mate ndiyo maji ya mtu mwenyewe. Gatimu, leta mikono. Uwe na ng'ombe, uwe na watoto, na mdomo wako upoe nyumbani. Wachuka, leta yako, mama yenu... Wachuka. Usikose chakula, usikose mtu wa kucheka naye. Miguu yako iingie popote.

Kajuju. Sogea. Hapa, karibu, siwezi kuinuka.

Subiri.

Mate hayatoki, mama. Mdomo umekauka, nimewapa wenzako yote. Usiondoe mkono. Ulete hapa, kwenye midomo... nitapumua tu. Hivyo.

Umesikia ni moto? Basi funga kiganja. Ni hiyo.