Matanga ya Bwana Arusi

Mheshimiwa Mkuu wa Taasisi, waheshimiwa wafadhili wetu mliopewa viti vyenye mito, ndugu wakuu wa idara mliochagua viti vya karibu na mlango kwa sababu mnazozijua wenyewe, mama yetu mpenzi, mzazi wa mwenzetu tunayemuaga, watafiti wenzangu wa mikataba, wanafunzi, na panya wa majaribio wa ghorofa ya chini, ambao hawakualikwa ingawa mchango wao unatushinda wote: habari za mchana.

Nimekabidhiwa jukumu la kumuaga Bi Rudia. Ana jina lake la vyetini, lakini humu ndani halijulikani. Tulimpa hilo kwa sababu ukimletea jibu zuri la majaribio, ukiwa umechangamka na umeshawapigia simu wazazi, yeye hukutazama kwa upole na kusema, "Vizuri sana. Rudia." Wapo watu katika ukumbi huu waliolia chooni kwa sababu ya neno hilo. Mimi ni mmoja wao, na nimekaa naye meza moja ya maabara tangu tulipoajiriwa.

Ratiba niliyopewa inataka niseme machache kuhusu mchango wake, kisha nitaje kwamba mkataba umefikia ukomo, nikae. Nilikuwa nimejiandaa kufanya hivyo hivyo. Lakini pale mlangoni mama yake alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, hebu niambie wewe, maana yeye hanijibu. Binti yangu amefanya kosa gani?" Nikajichekesha, nikamwonyesha kiti. Mama, nisamehe. Nitakujibu hapa hapa mbele ya watu, ila nitaanzia mbali kidogo.

Mtafiti wa baada ya shahada ya uzamivu ni mtu wa namna gani? Ni mtu aliyemaliza shule zote zilizopo, akakosa pa kwenda, akarudi maabara. Ana funguo za kila mlango lakini hakuna mlango wenye jina lake. Nyumbani anaitwa daktari, ila mtoto wa dada yake akipata homa anapelekwa kwa daktari mwingine. Wakwe wakiuliza kama kazi ni ya kudumu, anakohoa. Anawafundisha vijana namna ya kushika vifaa, wanahitimu, wanaondoka, na siku moja wanarudi wamevaa tai kuja kumkagua. Mwenye nyumba humpandishia kodi kwa sababu ya hicho cheo cha daktari, na benki humnyima mkopo kwa sababu ya huo mkataba. Na kazi yenyewe ya kutafuta dawa? Ni kupika michanganyiko isiyohesabika na kuvilisha vimelea vya malaria, kwa matumaini kwamba mmojawapo utaviua. Mingi haiviui. Mingine, nadhani, huvinenepesha.

Ndiyo maana tuna desturi yetu. Molekuli ikifa, yaani ikithibitika kwamba haifai kuwa dawa, tunaifanyia matanga. Tunakusanyika pale penye birika la chai, keki inakatwa, mmoja anasoma wasifu wa marehemu, na yule aliyeiua kwa majaribio yake anasamehewa kuosha vikombe. Wageni hutuona vichaa. Lakini matanga yale yametufunza kwamba kuua molekuli mbovu nayo ni kazi, tena kazi ya kuheshimiwa. Bi Rudia ameua nyingi kuliko mtu yeyote wa jengo hili. Sidhani kama anajua sabuni ya vikombe inawekwa wapi.

Kisha akaja Bwana Arusi.

Molekuli hiyo tuliipa jina hilo kwa sababu kila mtu alikuwa ameshashona nguo za kuipokea. Bi Rudia aliitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, unga wa rangi ya manjano ya kupendeza. Mashine yetu hupima hivi: vimelea vilivyo hai hutiwa rangi inayong'aa, vikifa, mwanga unazimika. Tulipovitilia Bwana Arusi, ikawa giza tupu. Mheshimiwa Mkuu alikumbatia watu ambao siku nyingine hata hawasalimii. Picha ya molekuli ikabandikwa kwenye korido, kubwa kuliko ya mwanzilishi wa taasisi. Wafadhili mkapewa tarehe ya kuja kusikia habari njema, na mradi mzima, pamoja na ajira ya Bi Rudia, ukaegemezwa hapo.

Sasa, mtu anayeipenda kazi yake angefanya nini hapo? Angetulia tuli. Bi Rudia akajiambia neno lake lile lile, na safari hii mashine hakuitumia. Alichukua darubini, akachungulia kwa jicho lake. Nilikuwa kando yake. Akaniambia, "Hebu sogea uone." Nikaona. Vimelea vilikuwa vizima, vinene, vinaongezeka kwa raha zao. Molekuli yetu ya manjano haikuwa imeua chochote. Ilikuwa inameza mwanga tu, mashine ikashindwa kuviona, na sisi tukashangilia. Kumbe siku zote zile tulikuwa tumevitundikia vimelea pazia wakati tukidhani tunavizika.

Nilimwambia, "Dada, wafadhili wanakuja wiki ijayo. Hili jambo si linaweza kusubiri?"

Akanijibu, "Lisubiri mpaka nani aimeze?"

Jumatatu alisimama kikaoni akaeleza yote, na kwa mara ya kwanza katika historia ya taasisi hii, Mheshimiwa Mkuu ndiye aliyemwambia yeye arudie. Akarudia. Akaambiwa arudie tena, akarudia tena. Majibu hayakubadilika, na hakuna aliyeweza kumtoa kasoro.

Je, tulimfanyia Bwana Arusi matanga? Hatukufanya. Hapakuwa na keki, wala wasifu, na vikombe siku hiyo Bi Rudia aliviosha mwenyewe. Picha iliondolewa kwenye korido, pakabandikwa maelekezo ya kuzima moto. Mradi ukafungwa, na kwa kuwa mshahara wake ulitoka kwenye mradi huo, naye akafungiwa humo humo. Huo ndio ukomo wa mkataba ulioandikwa kwenye ratiba.

Mama, jibu lako ndilo hilo. Binti yako hakufanya kosa lolote. Alikuwa sahihi wakati sisi wote tulikuwa tunamwomba Mungu huyu binti awe amekosea. Najivunia kumjua, na naona aibu kwamba imekubidi uulize.

Limebaki jambo moja, na hili Mheshimiwa Mkuu hatalifurahia. Zawadi tuliyomwandalia Bi Rudia ni saa ya ukutani. Ni nzuri, inatembea, lakini haitampatia ajira. Kazi anayoiomba kwingine inataka makala iliyochapishwa, na makala anayo: inaeleza hatua kwa hatua jinsi Bwana Arusi alivyotudanganya. Alimaliza kuiandika muda mrefu uliopita. Inasubiri idhini ya Mheshimiwa Mkuu tu, na haitoki. Tunaelewa ugumu wake. Nani anapenda kuutangazia ulimwengu kwamba alikumbatia watu bure?

Lakini kuna maabara nyingine, saa hii tunapozungumza, zina molekuli za manjano za aina hiyo hiyo na mashine kama yetu. Watu wa huko nao wanashangilia, wamebandika picha, wameita wafadhili, na hawana Bi Rudia. Tukinyamaza ili tusionekane wajinga, ipo siku mmoja wao ataufikisha unga ule mdomoni mwa mtoto mwenye homa, na mama wa mtoto huyo atamshukuru.

Msidhani nimepandwa na ushujaa. Mkataba wangu mimi nao uko mikononi mwa Mheshimiwa Mkuu. Ila nimejaribu kutafuta namna ya kumsifu mwenzangu bila kulisema hili, nikaona kila sifa niliyoiandika inanuka unafiki.

Bi Rudia, dada yangu, nenda salama, ukawalize na wengine. Meza yetu itakuwa kubwa mno bila wewe, na sisemi hivyo kwa adabu ya shughuli. Kwenu nyote, nawashukuru kwa masikio yenu, na kwa kutonivuta shati nikae.

Mheshimiwa Mkuu, kipaza sauti ni chako. Unaidhinisha makala, au huidhinishi? Usiwe na haraka. Nimekwisha zungumza na wapishi, na wamekubali kwamba hakuna sufuria itakayofunuliwa mpaka umejibu.