Mzee Lenard Nyagawa na Kioo cha Asilimia Tano

Tarehe 31 Julai 2025, Mzee Lenard Nyagawa aliweka ufunguo wa gari juu ya meza ya Meneja, akasaini daftari la safari kwa mara ya mwisho na kustaafu. Alikuwa ameutumikia Ushirika wa Parachichi Nyanda za Baridi miaka thelathini na tatu kasoro siku tatu. Idara ya Utumishi imezihesabu hizo siku tatu mara mbili, kwa hiyo tuzikubali.

Mimi ni Erica Mlowe, katibu muhtasi. Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu ndimi ninayetunza mihtasari ya vikao vyote. Nimekubali kwa sababu nyingine: katika mihtasari hiyo kuna sentensi moja niliyoiandika mwenyewe ambayo bado inaninyima raha.

Mzee Lenard aliingia kazini tarehe 3 Agosti 1992, wakati ushirika ulikuwa bado wa pareto, akiwa utingo wa lori. Miaka minne baadaye alikabidhiwa Landrova ya ofisi. Tangu hapo amewabeba mameneja saba, na kila mmoja alidhani njia ilikuwa nzuri kwa sababu ya uongozi wake. Katika ukungu wetu wa Juni, ambapo mtu haoni hata boneti ya gari lake mwenyewe, hakuwahi kugonga hata kuku.

Sentensi aliyoisikia kuliko zote kazini ni hii: "Nisubiri hapa, sichelewi." Ameambiwa hivyo mbele ya benki, hoteli, misiba na harusi. Kwa kuwa hakuwa mtu wa kulala garini, alijifunza kufuma sweta, na akaanza kupima vikao kwa sindano zake. Kikao kifupi alikiita cha mkono mmoja wa sweta. Kuna siku alimpeleka meneja wetu wa nne Kidugala kusalimia tu, na alirudi na sweta nzima ya mtu mzima, yenye kola. Nusu ya watoto wa ofisi hii wamekua ndani ya "sichelewi" za wazazi wao.

Sasa nieleze desturi yetu, kwa faida ya wageni. Mtumishi akistaafu, ushirika humpeleka hadi kwao kwa gari la Meneja, akiwa amekaa kiti cha nyuma upande wa kushoto, kile cha wakubwa. Mzee Lenard amewapeleka wastaafu kumi na tisa. Akifika kona ya mwisho kabla ya nyumbani kwa mtu, alishusha vioo vyote na kupunguza mwendo hadi ukawa wa mtu anayetembea, ili kila jirani amwone mwenzake. Niliwahi kumuuliza kwa nini anajisumbua hivyo kwenye baridi. Alinijibu, "Mtu akitumika miaka thelathini halafu asionekane akirudi, watu watasema alikuwa wapi?"

Kwa hiyo sote tulijua anachokingoja. Hakuwahi kuomba cheo wala cheti. Alitaka siku yake ikifika, aingie kwao Mdandu kwenye kiti kile, vioo viko chini. Huko mkewe, Mama Vestina, amelima viazi peke yake miaka yote hii huku akiulizwa kama kweli mumewe ana kazi.

Mwezi Aprili tukapata gari la umeme. Tulipewa na wanunuzi wetu wa ng'ambo, ambao hupenda parachichi letu zaidi wakisikia halikupanda gari linalotoa moshi. Meneja wetu, Ndugu Brayson Luvanda, alilizunguka mara tatu, kisha akaunda Kamati ya Ulinzi wa Gari. Kamati ilikuwa na wajumbe saba. Dereva aliitwa kama mwalikwa.

Suala la kwanza lilikuwa ile ngozi ya plastiki angavu inayobandikwa juu ya rangi isikwaruzike. Kheri, fundi wa Makambako anayeifanya kazi hiyo, alikuja na vipande vya mfano na kueleza kwa uvumilivu unene wake, ya kung'aa na isiyong'aa, na kwamba ile iliyo nzuri hujiponya mikwaruzo ikipata joto la jua. Wajumbe walisikia jua wakatazamana. Mzee Lenard alishauri ibandikwe chini kwa mbele, na nyuma ya matairi, kwa sababu huko ndiko changarawe za barabara zetu zinakopiga. Kamati ikaamua ibandikwe kwenye boneti na kwenye paa. Ofisi ya Meneja iko ghorofani, na kutoka dirishani kwake hayo ndiyo anayoyaona. Mzee Lenard hakubishana. Alikata mpira wa tairi kuukuu akaufunga nyuma ya magurudumu, na mpaka leo huko chini hakuna alama.

Hazikupita wiki mbili Meneja akaikwaruza boneti kwa pete yake akiwaonyesha wageni ilivyo imara. Tulingoja jua lije liiponye. Mwezi Juni, Njombe. Siku ya nne Mzee Lenard alitoka na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto, akamimina polepole, na mkwaruzo ukayeyuka mbele ya macho yetu. Kikao kilichofuata kiliipongeza kamati kwa uteuzi makini wa bidhaa.

Kisha ikaja tinti, na ndipo tulipoketi vikao vitano. Meneja alitaka vioo vyenye heshima ya ofisi. Mhasibu alikumbusha kwamba sisi ni taasisi ya wakulima na hatupaswi kujionyesha. Mzee Lenard aliomba ile ya asilimia sabini, inayozuia miale mikali lakini inaacha mtu aonekane. Tena akasema nchi yetu hii jua ndilo hita yetu ya bure, tukilifukuza dirishani tutalinunua kwenye betri. Wajumbe walishtuka. Asilimia sabini walisema ni anasa, wafadhili wataonaje? Mjumbe mmoja akapendekeza thelathini, mwingine kumi. Mwishowe, kwa moyo wa kubana matumizi, kamati kwa kauli moja ikapitisha asilimia tano.

Mzee Lenard alinyoosha mkono. Alieleza kwamba hesabu ile ni ya mwanga unaopita, si ya giza, na kwamba kioo cha asilimia tano ni cheusi kama sufuria ya makande. Alieleza mara mbili, kwa adabu. Muda wa chai ulikuwa umefika. Nami niliandika hivi: "Dereva alitoa maoni. Yalipokelewa." Ndiyo ile sentensi niliyosema.

Kwa sababu ya vikao vitano, gari lilifika kwa Kheri tarehe 30 Julai, siku moja kabla ya safari ya Mdandu. Kheri aliposoma barua yetu alimpigia Meneja kuuliza kama tuna uhakika na tano. Akajibiwa kwamba maamuzi ya kamati hayarudi nyuma. Akaibandika tinti, akafunika swichi zote za vioo kwa utepe, na kumwambia Mzee Lenard kwa huzuni, "Mzee wangu, kwa baridi ya kwenu huko visishushwe siku saba. Ukishusha, tinti yote inajikunja." Meneja alipoliona gari alifurahi sana. Alisema kamati imeona mbali.

Siku ikafika. Dereva mpya hatuna, tangazo la nafasi yake bado liko kwenye kamati, kwa hiyo Meneja alishika usukani mwenyewe. Mimi nilikaa mbele na zawadi: blanketi na saa ya ukutani. Mzee Lenard akafunguliwa mlango wa nyuma, akaketi kushoto na suti yake ya kijivu, akajiangalia kwenye kioo cheusi. Njiani hita ilikula betri mpaka Meneja akaizima, tukasafiri tumejikunyata. Tulipofika kona ya mwisho kabla ya nyumbani kwake niligeuka. Mkono wa Mzee Lenard ulikuwa juu ya swichi, juu ya ule utepe. Akautoa, akauweka gotini. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu niajiriwe.

Mdandu walikuwa wamejipanga, kina mama na vitenge vyao, kwaya ya usharika wa kanisani imesimama tayari. Gari likapita katikati yao polepole, na nyuma hawakuona mtu. Walijiona wenyewe, mama mmoja alirekebisha kilemba chake kwenye kioo cha Mzee Lenard. Kioo cha mbele kilikuwa kama kilivyotoka kiwandani, na walichokiona hapo ni mwanamume mgeni ameshika usukani. Kwaya haikujua ianze au ingoje.

Mama Vestina alisogea upande wa usukani. Meneja, kwa kuwa hakuweza kushusha kioo, akafungua mlango. "Kamwene, dereva," mama akamsalimia. "Poleni na safari. Mzee wetu mmemwacha wapi?"

Nyuma kukasikika kugonga, taratibu. Mlango wa nyuma haukufunguka kwa ndani. Kufuli ya watoto ilikuwa imefungwa tangu Meneja alipoanza kupeleka wanawe shule kwa gari hilo, safari ambazo daftari linaziita ufuatiliaji. Ilibidi mtu ashuke afungue kwa nje. Ningeweza kushuka mimi, lakini nilikuwa na saa mapajani, na wakati ule niliiona nzito sana.

Basi Ndugu Brayson Luvanda, meneja wa saba, akashuka, akazunguka gari mbele ya kijiji kizima na kumfungulia Mzee Lenard mlango. Akaushikilia. Mzee Lenard alishuka bila haraka, akafunga kifungo cha koti, na Mama Vestina akapiga kigelegele ambacho nadhani alikihifadhi tangu mwaka 1992. Kwaya ikaanza. Kabla hajakumbatiwa, Mzee Lenard alimgeukia aliyeshika mlango, akamwambia kwa upole uleule wa miaka yote, "Nisubiri hapa, Meneja. Sichelewi."

Meneja aliitwa ndani mara mbili akakataa, maana watoto walikuwa wameanza kuizunguka boneti. Saa ya zawadi ilikwisha kutundikwa ukutani, hivyo nina uhakika: alisubiri saa mbili na dakika arobaini. Kwa vipimo vyetu, mikono miwili na kola.

Mzee Lenard, ahsante kwa njia zote ulizotupitisha salama, na unisamehe ile sentensi. Nimeirekebisha: "Dereva alisema kweli. Hatukumsikiliza." Ushirika unakuombea afya, viazi vinene, na jua la kutosha dirishani. Ukipita Njombe uingie ofisini. Tunakusubiri hapa hapa, nawe chelewa upendavyo.