Kipa wa Kinchi Kidogo

Treni ilipoondoka, mabwana wawili wa kiti cha mbele walianza ubishi kuhusu mechi ya soka ya kufuzu. "Kumi na nne bila! Vinchi hivi vitolewe mashindanoni, vinatupotezea muda," alisema mwenye kofia.

"Acha vicheze, kaka. Mtoto hujifunza kutembea kwa kuanguka," mwenzake akacheka.

Aanguke mtoto wa nani? Nyuma yao, mama wa kipa alikumbatia bahasha ya picha ya eksirei. Mwanawe aliyeketi kando yake, fundi cherehani, alikuwa amevunjika vidole viwili kwenye mechi hiyo. Mama akamwombea mwenye kofia ashinde ubishi.

Kijana akamgusa, macho yakimng'aa. "Umesikia, mama? Kasema tucheze. Jumamosi nitadaka."

Maneno ya msafiri hayaungi mfupa, wazazi wenzangu. Treni ikasimama. Kijana alishindwa kuvuta mlango, mama akamfungulia.